Chembe Zisizoshikana

Pale benki ya damu walimwita Mama Mbegu, ingawa hakuwa na mtoto, na mbegu zenyewe hazikuwa za kupandwa. Zilikuwa za kichaka cha miiba chenye maua ya njano, kilichojiotea nyuma ya jengo la kufulia mashuka ya wodi. Kila msimu alikwenda pale na glovu nene, akachuma maganda, akayaanika dirishani, akapukuchua, kisha akasaga mbegu kwenye kinu kidogo cha chuma na kuuloweka unga wake katika maji ya chumvi. Kesho yake alichuja. Kilichobaki kilikuwa maji ya rangi ya chai iliyopauka, nusu kikombe hivi, na maji hayo yalikuwa na akili kuliko nusu ya watu waliovaa makoti meupe katika jengo lile.

Akili yenyewe ni hii. Chembe nyekundu ya damu haitembei uchi. Imevaa sukari, vinyororo vifupi vifupi vilivyosimama juu ya ngozi yake. Mwenye kundi A ana sukari yake ya nyongeza, mwenye B ana yake, na mwenye O hana nyongeza, amebaki na ile ya msingi ambayo wenzake wameifunika kwa zao. Ndani ya zile mbegu kuna protini yenye vifuko viwili, na kila kifuko kimekatwa kwa kipimo cha ile sukari ya msingi. Ukiiletea nyingine, hata iliyofanana nayo kama pacha, haina habari nayo. Ikiipata yenyewe inaing'ang'ania. Mkono mmoja unashika chembe hii, mkono wa pili unashika chembe ile, na ile nayo imeshikwa na nyingine, mpaka damu yote kwenye tyubu inafanya mabonge kama uji uliokorogwa na mtu mvivu.

Damu ya O hufanya mabonge papo hapo. Damu ya Mama Mbegu haikufanya bonge hata moja tangu azaliwe.

Hakuwa hata na ile sukari ya msingi. Vitabuni hali hiyo ina jina refu, lakini pale maabara waliiita damu tupu. Wenye damu hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Katika mafaili yote ya hospitali ile walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake mkubwa, tumbo moja baba mmoja. Na ubaya wa damu tupu hauko katika kuwa nayo. Ubaya ni siku unapohitaji ya mwenzako. Mwili ambao haujawahi kuiona sukari ile huiona ni adui, ukaivunja kila chembe iliyoivaa, hata za O, ambazo kila mtu mtaani atakuapia kwamba zinamfaa kila mtu. Mgonjwa anakufa huku mfuko wa damu unaning'inia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo mwenye damu tupu hupokea kwa mwenye damu tupu, basi.

Na kaka alikuwa anahitaji. Mishipa ya utumbo wake ilikuwa na tabia ya kuvuja bila kubisha hodi, mara mbili au tatu kwa mwaka. Leo unamkuta anacheka na majirani, kesho amekuwa mweupe midomo. Miaka kumi na moja Mama Mbegu alikuwa akikaa kwenye kile kiti cha kuchangia, anakunja mkono wa nguo, anatoa. Damu haidumu kwenye friji zaidi ya wiki tano au sita, na mitambo ya kuigandisha ikakaa miaka hospitali haikuwa nayo. Friji ya kaka alikuwa ni Mama Mbegu mwenyewe, na friji haisafiri.

Hakusafiri. Mchumba wake alipohamishwa kazi alimsubiri mwaka na nusu huko alikokwenda, kisha akaacha kusubiri, na hakuna aliyemlaumu. Barua ya kwanza ya masomo nje ya nchi aliijibu kwa kusema asante, haiwezekani. Ya pili vilevile. Sasa ilikuwa imekuja ya tatu, miaka miwili katika maabara kubwa ya damu, na mwalimu aliyeiandika aliongeza chini kwa mkono wake kwamba hatampendekeza tena. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Kaka, akiulizwa, jibu lake lilikuwa lilelile miaka yote. "Nenda, mdogo wangu. Mimi nitajifia kistaarabu, wala sitamsumbua mtu." Wote nyumbani walicheka, isipokuwa mke wake.

Huyo wifi alikuwa mwanamke mwema, hilo lisemwe. Lakini "Umekula?" yake haikuwa salamu, ilikuwa ukaguzi. Alileta maini kila Jumapili na kukaa mbele ya sahani mpaka yaishe. Alimvuta Mama Mbegu kope za chini mlangoni, mbele ya wageni, aone kama kuna wekundu wa kutosha. Alimkataza kupanda pikipiki. Siku moja alipomwona na mkwaruzo wa kisu kidoleni, alifoka kama vile kuna kitu chake kimemwagwa. Alimpenda wifi yake sana, kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Na Mama Mbegu alikuwa anakula yale maini, anasema ahsante wifi, kisha anarudi chumbani kwake, anafunga mlango na kuuma mto. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Kuna siku alimchukia kaka yake kwa kupona.

Jumanne ile alikuwa anajaribu maji mapya ya mbegu. Utaratibu wa kujaribu ni mwepesi. Unachukua damu kumi za O kutoka kwenye mifuko iliyochangwa karibuni, tone moja moja kwenye tyubu, unatia maji ya mbegu, unazungusha kwenye mashine, unatazama. Zote kumi zinapaswa kufanya mabonge. Kisha unaweka tyubu ya kumi na moja, yenye damu isiyopaswa kushikwa, ili ujue maji hayashiki ovyo. Maabara nyingine hununua damu ya namna hiyo. Mama Mbegu alijichoma kidole.

Alizungusha, akatoa, akaanza kuzitikisa moja moja mbele ya dirisha. Ya kwanza bonge. Ya pili bonge. Ya saba ikateleza kwenye kioo, laini, nyekundu, bila punje.

"Nimechanganya," alijiambia. Alidhani ametia damu yake mwenyewe kwenye tyubu ya saba. Ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya, maana damu ya mtu wa kawaida isingeteleza. Akaosha mikono, akaanza upya, safari hii akiandika namba kwa kalamu nene. Ya saba ikateleza tena. Akaitazama ya kumi na moja, yake. Nayo ilikuwa inateleza. Zilikuwa mbili.

Alikaa kwenye kigoda. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Alijiona yuko ndani ya ndege.

Jambo la pili halikuwa tamu hivyo. Alifukua kadi ya mwenye mfuko namba saba. Mwanamke, miaka ishirini na sita, dereva wa lori la masafa marefu, amechangia mara tano katika miaka minne, kundi O. Kuna kipimo cha ziada ambacho kingeikamata damu tupu tangu siku ya kwanza: unachanganya maji ya damu ya mtu na chembe za O, uone kama zinagombana. Miaka minne iliyopita chembe hizo zilikuwa adimu, wakakubaliana pale maabara kukiruka kwa muda, na ule muda ukanogewa ukakaa. Kati ya watu wote duniani, aliyepaswa kukataa alikuwa yeye. Sahihi iliyokuwa chini ya ile kadi ya kwanza ilikuwa yake.

Dereva, aliyeitwa kupitia ofisi ya malori iliyoandikwa kwenye kadi yake, alikuja Jumatano saa nne, funguo zinalia kiunoni.

"Dada, nimeegesha vibaya kule getini, nina nusu saa. Nina ugonjwa gani?"

"Huna ugonjwa. Kaa."

Mama Mbegu alimwonyesha tyubu mbili, ya mtu mwingine yenye mabonge na yake inayoteleza, akamweleza habari za sukari kama zilivyoelezwa hapo juu, ila kwa kigugumizi. Dereva alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anasikiliza injini.

"Kwa hiyo yangu haina cha kushikwa."

"Haina."

"Mbona nzuri hiyo." Akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Haya, sema lililobaki."

"Ile kadi ya O uliyonayo, ichane. Ukipata ajali, ukawekewa damu ya O, utakufa. Si labda. Nitakuandikia kadi nyingine, uitundike shingoni, usiivue hata bafuni."

Dereva alitoa kadi kwenye pochi, akaitazama mbele na nyuma. Miaka minne alikuwa ametembea nayo milimani, kwenye matope, nyuma ya matangi ya mafuta. Mama Mbegu alisubiri aulize nani aliyeiandika. Hakuuliza.

"Na nikipata hiyo ajali, nani atanipa?"

"Mimi ninayo."

"Wewe mwenyewe?" Akamtazama upya, juu mpaka chini. "Basi wewe usife, dada. Tafadhali."

Alisema kwa utani, lakini Mama Mbegu hakuuchukua kama utani. Tangu jana alikuwa anahesabu mambo upande mmoja tu, kwamba amepatikana mtu wa kumbadili zamu. Hakuwa amehesabu kwamba mtu huyo naye huenda siku moja akaihitaji damu yake. Hata hivyo swali lilikuwa limeshafika mdomoni. Ilikuwa ni kusema tu: nina kaka, anavuja, ninataka kuondoka, je, unaweza kuwa unapita hapa? Daftari la wachangiaji adimu lilikuwa mezani, limefunguliwa, lina jina moja tu tangu lishonwe, lake mwenyewe.

"Unaishi wapi hasa, mdogo wangu?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Kwenye lori." Dereva alikuwa ameshasimama. "Mama yangu alipooza nikiwa na miaka kumi na tatu. Miaka tisa nilimgeuza kitandani, dada, kila saa mbili, hata sokoni nilikuwa nakwenda mbio. Sisemi kwamba najuta. Ila siku tuliyomzika niliapa kwamba hakuna mtu atakayenisubiri tena mahali. Mtu akinipigia simu akaniambia 'uko wapi', nasikia kama nakabwa." Akajishika koo, akacheka kidogo. "Haya, daftari lako linataka nini?"

Mama Mbegu aliitazama kalamu yake.

"Namba ya simu," alisema.

Dereva aliitaja bila kinyongo. Mama Mbegu aliiandika kwenye kipande cha karatasi pembeni, si kwenye daftari, na kumwambia kadi itakuwa tayari Ijumaa. Aliporudi kwenye kigoda chake alikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na yule binti kwa kumwambia habari ambayo hakuulizwa. Angemwambia tu kwamba anapenda kuendesha lori. Hilo angelivumilia.

Usiku ulipita bila usingizi. Alhamisi saa saba mchana simu ya maabara ililia, akajua kabla hajaipokea.

"Wifi, ameanza," sauti ilisema. "Tuko mapokezi. Umekula?"

Kaka alikuwa amelazwa kwenye machela, kijivu, anajaribu kumkonyeza. Damu yake ilipimwa, ikaonekana imeshuka kuliko mara zote. Mama Mbegu alirudi maabara karibu akimbie, akafunga mlango, akajichoma kidole na kupima ya kwake. Tisa na ushei, wakati mchangiaji anatakiwa afike kumi na mbili na nusu. Alikuwa ametoa wiki saba tu zilizopita, na mwili haukuwa umerudisha. Kwa kanuni za pale hakuruhusiwa kutoa hata kijiko.

Wakati mwingine wowote angekunja mkono wa nguo na kanuni zikajiju. Alishawahi kufanya hivyo, akazimia kwenye ngazi. Leo alifungua friji. Mfuko namba saba ulikuwa kwenye rafu ya pili, umeshapita vipimo vyote vya magonjwa, umeandikwa O kwa maandishi makubwa ya uongo. Alichukua tone lake, akalichanganya na maji ya damu ya kaka, akazungusha, akatikisa mbele ya dirisha. Hazikugombana. Ziliteleza kwenye kioo kama za ndugu.

Alibandika karatasi mpya juu ya ile O, akasaini, na kumpa nesi.

Alipopanda wodini saa tisa nusu ya mfuko ilikuwa imekwisha kuingia. Wifi alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, mikono mapajani, anatazama matone yakidondoka kama mtu anayelinda sufuria isifurike.

"Umetoa tena, wifi?" aliuliza. "Si ulisema mpaka mwezi ujao?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Angesema, si yangu, yuko mwingine, na namba yake ninayo mfukoni. Kufikia jioni wifi angekuwa ameshaipiga. Angepiga na kesho, na kesho kutwa, kwa sauti yake nzuri, binti yangu uko wapi, binti yangu umekula? Angeyafuata yale magurudumu mpaka mpakani na bakuli la maini mkononi. Na nani angemlaumu? Mume ni wake.

"Nimetoa," alisema Mama Mbegu.

Wifi alimkumbatia, akalia begani pake, akamlowesha koti. Kisha akakumbuka wajibu wake, akajifuta, akatoka mbio kumtafutia maziwa.

Walibaki wawili. Rangi ilikuwa inaanza kumrudia kaka midomoni. Akanyoosha mkono usio na sindano, akamshika dada yake kifundo cha mkono, akausukuma mkono wa koti mpaka juu ya kiwiko. Akatazama. Akaomba na mkono wa pili kwa kidole, bila neno, akautazama nao. Miaka kumi na moja alikuwa ameiona plasta pale kila alipofumbua macho. Leo hapakuwa na plasta, wala alama mpya.

"Hii si yako," alisema.

Mama Mbegu aliushusha mkono wa koti.

"Kuna mwingine." Kaka alijaribu kujiinua, nguvu zikamwishia, lakini hakumwachia kifundo. Na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho dada yake hakuwahi kukiona katika miaka yote ile ya utani na kistaarabu. Ilikuwa njaa. "Ni nani? Anakaa hapa mjini? Ana umri gani?"

"Kaka, pumzika."

"Usimwache aondoke. Unanisikia? Mpe kazi hapa hapa, mwozeshe, fanya unavyojua. Mshike huyo mtu." Vidole vya kaka vilikuwa vinamuumiza. Hakujua kwamba mgonjwa anaweza kuwa na nguvu kiasi kile. "Wewe si unataka kwenda? Mshike, uende zako."

Sasa ndipo alipoelewa kwamba "nenda" ile ya miaka yote haikuwa ruhusa. Kaka aliweza kuisema kwa sababu alijua dada yake haendi. Alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alikuwa ni kaka yake tu, mwenye miaka hamsini, anayeogopa kufa. Alifikiria maabara kubwa yenye mitambo ya kugandisha. Alifikiria binti mmoja aliyekuwa wakati huo yuko barabarani mahali fulani, madirisha wazi, hakuna mtu duniani anayejua yuko kilomita ya ngapi. Alimwonea wivu hata machozi yakamlengalenga. Na alijua kwamba kama atalitaja jina lake pale, halitarudi tena.

"Alikuwa mpita njia," alisema. "Alichangia akaenda. Hakuacha simu, na jina aliloandika si lake. Nimeshatafuta."

"Umetafuta vizuri?"

"Nimetafuta, kaka. Hayupo. Tuko wawili tu."

Njaa ile ilimtoka kaka usoni polepole na kumwacha mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. Nje ya mlango zilisikika ndara za wifi zikija na maziwa. Kaka alifumba macho. Vidole vilikuwa bado vimekishika kifundo cha dada yake.

"Basi usiende," alisema.